Ngozi Haisahau: Kuchagua Seramu Asilia ya Uso

Zamani si mbali, meza ya kujipambia ya mwanamke wa Dar es Salaam au Mombasa ilikuwa na sabuni, losheni, mafuta ya mgando na poda. Sasa imeongezeka chupa moja ndogo yenye mpira wa kudondoshea, na mara nyingi bei yake inazidi ya vingine vyote vikijumlishwa. Hiyo ndiyo seramu: kimiminika chepesi kilichobeba kiambato kimoja au viwili kwa wingi, kinachopakwa matone machache baada ya kunawa na kabla ya krimu. Na kwa kuwa watu wamechoshwa na madhara ya mkorogo, karibu kila chupa siku hizi imeandikwa "asilia". Ukimuuliza muuzaji inafaa ngozi ya namna gani, jibu huwa fupi: "Dada, hii ni asilia tupu, inafaa ngozi zote."

Hakuna seramu inayofaa ngozi zote, na uasilia wake hauongezi wala haupunguzi ukweli huo. Zebaki hutoka ardhini. Karafuu ya Pemba ni asilia kuliko chochote dukani, lakini mafuta yake, yanayokenekwa pale Wawi, Chake Chake, kwa sehemu kubwa ni eujenoli, na hiyo imo katika orodha ya Ulaya ya manukato ambayo lazima yatajwe kwenye kifungashio kwa sababu yanaamsha mzio. Ndimu imetoka mtini, na juisi yake ina ukali wa kiwango cha 2 hivi kwenye kipimo cha asidi, wakati ngozi yenye afya inakaa kwenye 5. Ukiipaka kisha ukatoka juani, kemikali zilizomo kwenye ganda na maji yake huungana na mwanga na kuunguza ngozi. Hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaweka tafsiri ya kisheria ya "asilia" kwa vipodozi. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi zinakaribia kuwa na idadi ileile kwa binadamu wote. Tofauti ni kwamba kwa mtu mweusi zinafanya kazi zaidi, na vifuko vya rangi ni vikubwa na vimetawanyika. Zikisumbuliwa, iwe kwa chunusi, kusugua, ndimu au seramu kali, hujibu kwa kumwaga rangi. Mtu mwenye ngozi nyeupe akiwashwa atakuwa mwekundu siku mbili tatu, kisha yatapita. Mwenye ngozi nyeusi atabaki na doa kwa miezi, pengine kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ninaposhika chupa, la kwanza ninalotafuta ni upole. Seramu inayoahidi makubwa huku ikichoma, hata ikichoma kidogo tu, imeshashindwa kazi yake kwenye uso wa Mwafrika.

Tuje kwenye aina za ngozi. Mgawanyo wa kavu, ya kawaida na ya mafuta tunaoukariri haukutoka hospitalini. Anayetajwa sana kwa kuueneza ni Helena Rubinstein, mfanyabiashara wa vipodozi mzaliwa wa Kraków, mwanzoni mwa karne ya 20, naye alikuwa na krimu za kuuza. Bado unasaidia, mradi mtu asiuchukue kama kabila alilozaliwa nalo. Nawa uso kwa sabuni laini, usipake chochote, subiri kama saa moja. Ngozi ikivuta unapocheka, ni kavu. Iking'aa kote, ni ya mafuta. Paji la uso na pua vikang'aa huku mashavu yakipauka, ni mchanganyiko. Ikiwasha au kuchoma bila sababu, ni nyeti. Lakini ukipima Tanga mwezi wa Februari na Njombe mwezi wa Julai, utapata majibu mawili kwa mtu mmoja, na ndugu zetu walio Muscat na Doha, wanaoshinda kwenye kiyoyozi, wanajua kwamba ngozi ya mafuta ya Mombasa inaweza kufika kule ikakauka kabisa. Chagua kwa hali ya ngozi yako ya msimu huu.

Ngozi ya mafuta ndiyo inayoteswa zaidi. Wenye nayo huambiwa waikaushe, wakaisugua kwa sabuni ya dawa mara tatu kwa siku, mpaka uso unang'aa na kubanduka kwa wakati mmoja. Ngozi ya namna hiyo imenyang'anywa maji, na mafuta bado inayo. Halafu linakuja suala la nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtu wa pwani aliyewahi kupanda na chupa yake Lushoto ameliona hilo. Kwa nywele, mikono na miguu, mafuta hayo ni neema. Kwenye uso wenye chunusi yana tabia ya kuziba matundu ya vinyweleo, na nimeona mabinti wengi wakilaumu chakula wakati kisababishi kimo kwenye kichupa cha nazi kando ya kitanda.

Si mafuta yote ya mimea yako hivyo, na hapa kemia inaanza kumfaa mnunuzi. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kwamba mafuta yanayotolewa na ngozi yenye chunusi huwa na upungufu wa asidi ya linoleiki. Mafuta ya mimea yanatofautiana sana kwa hilo. Ya mlonge, ya parachichi na ya zeituni yamejaa asidi ya oleiki, ambayo ni nzito na hulegeza ule utando wa juu unaoilinda ngozi. Ya ufuta yana vyote viwili karibu sawa. Ya mbegu za ubuyu yako katikati. Ya alizeti ya kawaida yana linoleiki kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapaka watu wazima mafuta ya zeituni na ya alizeti mikononi kwa wiki kadhaa: zeituni ilidhoofisha utando wa ngozi, hata kwa watu wasiowahi kuwa na pumu ya ngozi, na alizeti iliuacha salama na kuiongezea ngozi unyevu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ilishatangazwa kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini Dhaka, Bangladesh, walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa.

Mkulima wa Singida anauza alizeti yake kwa gunia, na binti yake aliyeko mjini ananunua seramu ya zeituni iliyotoka ng'ambo. Linaniuma. Simaanishi achote mafuta ya jikoni yaliyokwisha kukaangia samaki. Mafuta yenye linoleiki nyingi huharibika upesi. Yanataka yawe safi, yakae kwenye chupa nyeusi mbali na joto, na yamwagwe yakianza kunuka uvundo. Wajasiriamali wetu wanaosafisha mafuta ya alizeti na ya ubuyu kwa ajili ya uso wanafanya kazi ya maana. Ila waache kuandika kwamba mafuta ya ubuyu yana vitamini C. Vitamini C ya ubuyu imo kwenye ule unga mweupe unaozunguka mbegu, nayo huyeyuka kwenye maji. Kwenye mafuta yaliyokamuliwa ndani ya mbegu haimo.

Hata hivyo, mwenye chunusi nyingi mimi simwanzishii mafuta. Namwanzishia seramu ya maji yenye niasinamaidi, ambayo ni vitamini B3, kwa asilimia 2 hadi 5. Inapunguza mng'ao, inaimarisha utando na inafifisha madoa polepole, na ni nadra iwashe ikiwa katika kiwango hicho. Matundu yakiwa yameziba kwa vichwa vyeusi, asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 huingia ndani ya mafuta na kuyazibua. Asidi hiyo ni jamaa ya dawa ya gome la mti, siku hizi hutengenezwa kiwandani, na ngozi haioni tofauti. Kwa anayesisitiza mmea, mafuta ya mti wa chai wa Australia yana ushahidi wa kweli: mwaka 1990 yalijaribiwa huko kwa kiwango cha asilimia 5 dhidi ya dawa ya kawaida ya chunusi, yakafanya kazi polepole zaidi lakini kwa maudhi machache. Asilimia 5, si kupaka kutoka kwenye kichupa bila kuzimua.

Kuna vipele vingine vinavyoitwa chunusi na sivyo: vidogo, vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, vinavyoongezeka wakati wa joto na jasho. Vinaletwa na fangasi, na chakula chao ni mafuta. Kila tone la mafuta asilia unalopaka linawalisha. Acha seramu za mafuta zote, uende kwa daktari au mfamasia akupe dawa ya fangasi.

Kwa ngozi kavu nina jibu rahisi ambalo wengi hawalipendi kwa sababu ni la bei ndogo: glisirini. Ipo kila duka la dawa kutoka Bukoba hadi Lamu, hupatikana pia mafuta yanapogeuzwa kuwa sabuni, na hakuna kivuta-maji kilichochunguzwa kuishinda. Shida ni kwamba watu huipaka ikiwa nzima, ikanata na kukusanya vumbi. Kijiko kimoja cha glisirini kwa vijiko tisa vya maji ya mawaridi, hiyo tayari ni seramu. Maji hayo yawe yaliyokenekwa kweli, kama yale ya Jabal Akhdar huko Oman, ambako mawaridi huchumwa kila mwaka karibu na mwezi wa Aprili. Yasiwe maji ya bomba yaliyotiwa manukato na rangi. Mwenye ngozi nyeti atumie maji yaliyochemshwa yakapoa. Changanya kidogo, weka kwenye jokofu, maliza ndani ya wiki, kwa sababu hakuna kihifadhi humo na maji bila kihifadhi huota bakteria. Paka uso ukiwa bado na umajimaji, kisha funika kwa matone mawili ya mafuta ya ubuyu au alizeti ili maji yasipotee. Uso uliopasuka kwa baridi ya Makambako au ya Nairobi unaweza kufunikwa kwa mafuta ya mgando. Yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na bado ni miongoni mwa vitu vipole kuliko vyote vinavyoweza kupakwa kwenye ngozi. Mwenye kufuata uasilia peke yake atayakosa.

Shubiri nayo inastahili heshima pamoja na tahadhari. Kata jani, lisimamishe wima kwenye glasi, na utaona utomvu wa manjano ukishuka kutoka chini ya ganda. Huo ni mchungu na unawasha; ndio uliokuwa ukitumika kuharisha. Uache uchuruzike mpaka ukome, uoshe jani, umenye ganda, kisha chukua ute mweupe wa katikati, ambao zaidi ya asilimia 98 ni maji. Wanaosema shubiri imewaunguza mara nyingi wamepaka ute pamoja na manjano yake. Ute huo unatuliza ngozi iliyochomwa na jua na unafaa ngozi karibu zote, lakini kesho yake umeshaharibika. Mwani wa Paje na Bwejuu unatoa karajinani, kitu cha utelezi kinachotanda juu ya ngozi na kuizuilia maji, na nafurahi kuona Zanzibar wanawake wakiutengenezea sabuni na vipodozi badala ya kuuza mwani mkavu tu kwa kilo.

Hapa mtu atauliza kuhusu liwa na singo, ambazo bibi zetu wa pwani walipaka wakang'aa. Ni kweli, na ni mapambo yenye adabu yake: singo ya bi harusi ina asumini, langilangi, mkadi, waridi na karafuu, liwa ni msandali uliosagwa juu ya jiwe. Lakini singo husuguliwa mwilini ikaoshwa, na liwa hupakwa kwa muda ikatolewa. Seramu inakaa usoni asubuhi hadi jioni, kila siku, miezi mfululizo. Karafuu inayovumilika kwa nusu saa siku ya harusi haivumiliki kwa siku 300. Anayechukua viungo vya singo akavitia kwenye chupa ya seramu anabadilisha kipimo bila kujua.

Ndiyo maana kwa ngozi nyeti sina mengi ya kusema. Usinunue kitu chenye harufu, hata harufu iwe ya mchaichai, mdalasini au langilangi. Viambato vikiwa vichache ndivyo bora. Ngozi ya kawaida haihitaji seramu. Aliye nayo amshukuru Mungu na anunue kofia.

Yamebaki madoa, na kwa kweli ndiyo yanayouza chupa nyingi kuliko yote. Doa lililoachwa na chunusi ni rangi iliyomwagika, na viambato vinavyolipunguza bila kuumiza vinajulikana. Asidi ya azelaiki, inayopatikana pia kwenye ngano na shayiri, hutibu chunusi na doa lake kwa pamoja. Asidi ya kojiki iligunduliwa Japani mwaka 1907 katika kuvu wanaotumika kuchachusha mchele. Vitamini C hufanya kazi, lakini ina masharti: iwe na ukali wa chini ya 3.5 kwenye kipimo cha asidi, kiwango kisizidi asilimia 20 kwa sababu zaidi ya hapo haiingii zaidi, na ikigeuka rangi ya chai imekufa. Chupa angavu iliyowekwa kwenye dirisha la duka lenye jua la Mwanza imekufa kabla hujailipia. Ngozi nyeti nayo huchomwa na ukali huo, ikapata madoa mapya juu ya yale ya zamani. Kuhusu kolajeni, molekuli zake ni kubwa mamia ya mara kuliko zinazoweza kupenya ngozi. Hulainisha juu, ndani hazifiki.

Kazi hii yote ni ya miezi mitatu kwenda mbele. Kwa hiyo seramu "ya asilia" inayoondoa madoa kwa wiki moja na kuung'arisha uso mzima ina kitu ambacho hakijaandikwa: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali ya hospitali. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliofikiwa mwaka 2013, uliruhusu zebaki ya kiwango kidogo sana, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua hata kiwango hicho kifutwe ifikapo 2025. Bado vitu hivyo vinamiminwa kwenye vichupa vipya vyenye picha ya jani. Steroidi inafanya uso uwe laini ajabu mwanzoni. Ukiacha, unaota vipele na kuwaka moto, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi huacha mabaka ya bluu-nyeusi ambayo madaktari wanahangaika kuyaondoa. Mkorogo ulioitwa asilia ni mkorogo.

Hakuna seramu ya madoa inayofanya kazi juani bila kinga. Na kwa ngozi nyeusi si miale isiyoonekana peke yake. Mwanga wa kawaida wa jua nao huongeza rangi, kwa hiyo mafuta ya kujikinga na jua yenye rangi ya udongo, itokanayo na oksidi ya chuma, hutufaa kuliko yale meupe. Kwa ndugu zetu wenye ualbino kinga hiyo ni suala la uhai. Kwao mafuta ya KiliSun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, yana thamani kuliko seramu zote nilizozitaja, na fedha ya seramu iende huko kwanza.

Mjamzito asiguse seramu za vitamini A, yaani retinoli na jamaa zake. Niasinamaidi, glisirini na asidi ya azelaiki zinamtosha, na mabaka mengi ya ujauzito hufifia yenyewe baada ya kujifungua.

Unapofika dukani, geuza chupa usome nyuma. Viambato hupangwa kwa wingi, kilichozidi kikitangulia. Kama ubuyu umeandikwa mbele kwa herufi kubwa na nyuma uko mwisho baada ya manukato, unanunua picha ya ubuyu. Seramu yenye maji lazima iwe na kihifadhi, na anayejisifu kwamba haina kihifadhi, naye hana jokofu, anakuuzia bakteria. Tafuta jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Tanzania Bara vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Zanzibar ni wakala wa chakula na dawa, ZFDA, Kenya ni shirika la viwango la huko, KEBS. Ukitilia shaka, wapelekee. Nyumbani, paka tone kwenye mkunjo wa kiwiko asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya kugusa uso, na uanze na seramu moja tu, ili likitokea jambo ujue limetoka wapi.

Na chupa isiyo na orodha ya viambato irudishe mezani, hata kama muuzaji ni shoga yako, hata kama ametengeneza mwenyewe kwa mikono yake. Mwombe akuandikie kilichomo. Akikataa, usinunue.